Maji ya Nyamyumba

Mwezi uliopita, kwenye kizuizi cha barabara ya Goma, askari alimsimamisha abiria mwenzetu aliyekumbatia chupa kubwa kama mtoto mchanga.

"Iko nini ndani?"

"Maji, bwana askari."

Askari alinusa, akaonja. "Kweli, ni maji. Kule unaenda maji hakuna?"

"Iko mingi. Mi ndiye napima, nasafisha, pale kwa kituo kikubwa ya utafiti." Akashusha sauti. "Lakini bibi yangu iko na mimba. Anasema maji yangu inanuka dawa. Anataka ya kwao, Nyamyumba."

Sisi abiria tulicheka. Askari hakucheka. Alikigandamiza kizibo kwa dole gumba, akamrudishia chupa kwa mikono miwili.

"Bon, pita. Barabara ni mubaya, shika muzuri."

Jumamosi nilimkuta tena, hapa Gisenyi, jirani na Nyamyumba, akisubiri lori mikono mitupu. Nikamuuliza kama mkewe aliyanywa.

"Alikunywa kikombe moja. Kisha akaanza kufunga nguo. Leo asubuhi nimemufikisha kwa mama yake."

"Na wewe?"

"Mi narudi kazi. Maji ya watu haiwezi kubaki bila mutu."

Lori lilipofika alipanda nyuma, akakaa akiutazama ufuko wa Nyamyumba mpaka kona ikamficha. Sote tunajua mimba huleta uchu. Mimi sikujua kwamba uchu huo unaweza kumhamia mume, na yeye asipate wa kumchotea.