Mtoto Aliyekataa Kufumba Macho

Katika miaka ya tisini nilikuwa mlezi katika nyumba ya watoto ya kanisa letu, katika mtaa uitwao Kongo, Kawangware, Nairobi. Nikisema nyumba, usifikirie jumba. Vilikuwa vyumba vya mabati nyuma ya kanisa, ambalo nalo lilikuwa la mabati, na mvua ikinyesha hatukusikiana. Watoto walioletwa kwetu walikuwa wamepigwa, wamechomwa au wamefungiwa ndani na watu waliopaswa kuwalinda. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya Biblia. Watu walisema nina moyo. Kweli nilikuwa nao, lakini kufikia wakati huo ulikuwa umechoka.

Kilichonichosha si kazi. Kila mara ilikuwa vile vile: mtoto alikuja haongei, tukamlisha, akaanza kucheka, kisha jamaa yake akaja kumchukua na hatukusikia tena habari zake, au tulizosikia zilikuwa mbaya. Kila Jumapili mchungaji aliniita mbele nieleze Bwana anatenda nini katika nyumba ya watoto. Nilikuwa nimeishiwa na maneno. Nilitamani hadithi moja tu iliyoisha vizuri.

Ndipo akaletwa msichana wa miaka kama tisa kutoka Gatwekera, kule Kibera. Aliyemleta alikuwa jirani yao, mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na alimwingiza akiwa amemshika bega.

"Nimemtoa kwa babake," akasema. "Mamake alikufa. Babake anafanya kibarua cha mjengo, na si mtu mbaya kama hajakasirika. Shida ni kwamba anakasirika kila siku."

Mtoto alikuwa na alama za waya mgongoni. Sitaeleza zaidi.

Mchana ule tuliketi kula. "Tufumbe macho tuombe," nikasema. Hakufumba. Nikarudia. Akaniangalia tu, mikono chini ya meza. Baada ya amina nikamkemea mbele ya wenzake kwamba kumwomba Mungu macho wazi ni kukosa adabu.

Mama mpishi, aliyekuwa akigawa ugali, akaangua kicheko. "Na wewe Braza, umejuaje yake yako wazi? Si ni wewe ulikuwa unachungulia?"

Watoto walicheka hadi mmoja akapaliwa. Yule msichana hakucheka.

Siku chache baadaye nilimkuta kwenye mtungi wa maji nikamuuliza kwa upole kwa nini hafumbi macho.

"Baba huanza nikiwa nimefumba," akajibu, akaendelea kuchota maji.

Kwa hiyo nilijua. Niliambiwa mapema, kwa Kiswahili rahisi, na mtu aliyejua.

Hazikupita wiki nyingi babake akaja. Alikuwa ameokoka katika mkutano wa injili uliofanyika karibu na reli. Alileta mkate na paketi ya maziwa, akapiga magoti kwenye sakafu yetu ya saruji, akalia kama mtu aliyefiwa. Jumapili iliyofuata alikuja tena, na nyingine tena. Alifika mapema akafagia kanisa. Alipanga viti. Nilimtazama akifagia nikahisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi kwa muda mrefu. Hadithi yangu ilikuwa imefika.

Mchungaji aliniita kando. "Ndugu, wewe ndiye unamjua mtoto. Yuko tayari kurudi?"

"Yuko tayari," nikasema.

Sikuwa nimemuuliza.

Siku ya kuwapatanisha, kanisa lilijaa. Kwetu ilikuwa desturi: waliokosana huletwa mbele, hushikana mikono, husameheana, kanisa likaimba. Tulifanya hivyo kwa waliogombania kibanda cha biashara, kwa mke na mume, kwa wazee wa kanisa walionuniana. Hakuna aliyejiuliza kama mtoto na aliyempiga wanaweza kuitwa watu waliokosana. Nami sikujiuliza.

"Mwambie baba umemsamehe," mchungaji akamwambia.

"Baba nimekusamehe," akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kukariri mstari wa Biblia.

Vigelegele vikapigwa. Mama mpishi alilia, akafuta machozi kwa leso aliyojifunga. Mchungaji akasema sote tufumbe macho, akaomba kwa muda mrefu. Nililia pia, kwa furaha na kwa uchovu.

Tulitembea kutoka Kawangware hadi Kibera, sisi watatu. Babake alitangulia mbali kidogo, amebeba godoro la mtoto kichwani. Tulipokuwa tumeshavuka Ngong Road, msichana akanivuta mkono wa shati.

"Anko."

"Naam?"

"Wakati mlikuwa mnaomba, yeye hakuwa amefumba."

"Nani?"

Akaonyesha godoro kwa kidevu.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaangalia kama mimi nimefumba."

Barabara ilikuwa na watu wengi. Ningeweza kusimama pale pale. Ningeweza kumwita yule mtu, nikamwambia nimesahau jambo, nikamrudisha mtoto kwetu. Badala yake nikasema, "Labda alikuwa anafurahi kukuona."

Aliachilia shati langu.

Tuliteremka kutoka relini hadi Gatwekera, chumba chao kikiwa kimebanwa kati ya vingine, matope hadi mlangoni. Babake alitupikia chai. Niliomba tena, nimefumba macho, nikaondoka. Nilipofika juu kwenye reli sikugeuka nyuma.

Niliahidi kwenda kumwona kila wiki. Nilikwenda mara moja, nikakuta mlango umefungwa, na mama wa omena akaniambia bado kuko sawa. Kisha mvua ikaja, watoto wetu wakaugua matumbo, na nikawa na sababu nyingine kila wiki. Sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa nimeshaisimulia hadithi kanisani na ilikuwa na mwisho mzuri. Niliogopa kwenda nikaukosa ule mwisho.

Jumamosi moja mchana githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa mezani, nami nilikuwa nikiomba. Niliposema amina na kufungua macho, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa peku, matope yamempanda hadi magotini, mkono mmoja ameukumbatia kifuani kama anabeba kitoto. Alikuwa ametembea njia yote ile peke yake.

"Umefika saa ngapi?" nikauliza. Ndilo neno lililonitoka.

"Mlikuwa mnaomba," akasema. "Nimengoja mmalize."

Mama mpishi aliangusha mwiko. Tulimpeleka hospitali, mkono ukaonekana umevunjika, ukafungwa plasta. Mama wa omena na mzee wa kijiji walimpeleka babake kwa chifu. Alifungiwa kwa muda, akaachiliwa, akahama. Sikumwona tena. Watu waliniambia machozi yake yalikuwa ya uongo. Mimi sidhani. Nadhani yalikuwa ya kweli kabisa, na hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani machozi ya kweli yanatosha.

Mchungaji alisema ni kazi ya shetani. Nikamwambia, "Mchungaji, tusimsingizie. Uliniuliza kama yuko tayari, na nilikujibu mimi."

Nilimwomba msichana msamaha nikiwa nimechuchumaa mbele ya kitanda chake. Nilimwambia asinijibu. Hakunijibu, siku ile wala nyingine, na sijawahi kumdai.

Tangu hapo niliomba macho wazi. Niliwaambia watoto kwamba anayetaka kufumba afumbe, asiyetaka asifumbe, mimi nitakuwa naangalia mlango. Mchungaji hakupendezwa. Mama mpishi alinitania, "Sasa Braza utakuwa unatuhesabu kama kuku?" Lakini nilimwona naye ameanza kufumba jicho moja tu.

Watu huniuliza kama imani yangu ilibaki. Ilibaki. Niliamini, na bado naamini, kwamba Mungu hafumbi macho. Zamani hilo lilinifariji tu. Sasa linanitia hofu pia, maana alikuwa akiniona pale barabarani. Hadithi yenye mwisho mzuri siitamani tena. Natumaini kama mtu aliyepewa zamu ya ulinzi usiku: huombwi uone asubuhi ikifika, unaombwa usisinzie.

Jioni moja, mkono wake ukiwa bado kwenye plasta, tulikuwa kwenye sala baada ya chakula. Taa ya mafuta ilikuwa inavuta moshi. Niliwazungushia macho watoto kama kawaida, nikafika kwake. Kichwa kilikuwa kimelala juu ya meza, kando ya sahani, mdomo umefunguka kidogo. Macho yalikuwa yamefumba.

Mama mpishi alinyoosha mkono amwamshe. Nikamtikisia kichwa. Nilikuwa nimekaribia amina, na nilijua kwamba baada ya amina benchi zingekwaruza sakafu na sahani zingegongana. Kwa hiyo sikuisema. Nikaombea wagonjwa, nikaombea wenye kazi na wasio na kazi. Nikaombea makaa, nikaombea mabati ya upande ule yaliyokuwa yakivuja. Mtoto mmoja akaguna, "Anko, si uliombea makaa?" Nikayaombea tena, kwa sauti ya chini, macho yangu mlangoni.