Mchuzi wa Koti Mbili

Kanisani kwao, Jumapili ya chakula cha pamoja, kila nyumba huleta sufuria, na asiye na nyumba huleta maji. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ni utaratibu tu, na utaratibu wa kanisa ukishadumu miaka miwili watu huapa kwamba umo katika kitabu cha Mwanzo. Wanaoleta maji ni makapera, wanafunzi waliopanga chumba, na Koti Mbili.

Koti Mbili ni fundi rangi. Jina la ubatizo analo, ila analikumbuka mchungaji peke yake, wengine humwita kwa lile neno analowaambia wateja wenye haraka wasiotaka ukuta upakwe mara ya pili: "Mzee, bila koti mbili hiyo si rangi, ni vumbi la gharama." Mkewe alipofariki, akina mama walimwonea huruma wakampangia kuleta maji. Mwaka ule ilikuwa sawa. Nani angemtaka mfiwa asimame jikoni? Lakini huruma nayo ni mgeni asiyejua kuaga. Miaka ikapita, fundi akajifunza kupika, hata akanenepa kidogo, na bado kila mwaka alisimama kando ya pipa akiwajazia watu vikombe, nyumba yake ikihesabiwa kama iliyofungwa.

Mwaka huu alimfuata mwenyekiti wa akina mama baada ya ibada. Mama huyu hata akikusalimia utadhani anatangaza msiba.

"Mama, safari hii nitaleta chakula."

"Chakula? Nani atakupikia, baba?"

"Mimi."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake, kisha akalegeza sauti, jambo ambalo kwake ni kazi. "Baba, usijitese. Maji nayo ni huduma. Hata harusini Kana walianza na maji."

"Walianza, mama. Hawakuishia hapo."

Wenzake walicheka kabla ya kuwahi kujizuia. Mwenyekiti akakosa pa kutokea. "Haya, lete! Lakini kikibaki mezani, mwakani unarudi kwenye pipa, na sitaki maneno."

Jioni ile shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipita akitoka kuuza mitumba. Akavua viatu, akaketi, akasikiliza kesi yote huku akijikanda miguu.

"Kuku," alihukumu. "Kuku hamwaibishi mtu."

"Kuku wataletwa na nusu ya kanisa."

"Basi wali."

"Huo utaletwa na nusu nyingine."

"Basi nunua hotelini, mimina kwenye sufuria yako, paka masizi kwa nje. Nani atajua?"

"Mungu."

"Mungu hana umbea."

Fundi alikuwa amerudi kwa mawazo kwenye pipa lake. Wapakuaji huona sahani zikienda. Mtu wa maji huziona zikirudi. Na yeye alikuwa ameona wali mkavu, kuku mkavu, viazi vya kukaanga vyenye mlio wa kokoto. Watu hawakuja kwake kunywa, walikuja kuokolewa. Mzee mmoja wa sauti nene katika kwaya aliwahi kushika pipa kwa mikono miwili, tonge limemkwama, machozi yakimtoka, na waliokuwa mbali wakadhani ameguswa na mahubiri.

Na sababu ya ukavu huo ilijulikana. Zamani familia moja ilileta mchuzi kwa pikipiki. Mchuzi ulifika, ila ulifika ukiwa kwenye gauni jeupe la mama wa familia hiyo. Tangu siku hiyo hakuna mpishi aliyethubutu kupika kitu kinachotikisika.

"Nitapeleka mchuzi," fundi alisema.

"Wa nini?"

"Wa maharage."

Shemeji aliacha kujikanda. "Watu wavae suti, waje kula chakula cha bweni?"

"Mchuzi, shemeji. Maharage yatakuwemo kama mashahidi tu."

"Na utaufikishaje? Kwa maombi?"

Hapo fundi alicheka. "Mimi kila siku napanda ngazi na kopo la rangi nyeupe, chini kuna zulia la mwenye nyumba. Umewahi kusikia nimeshtakiwa?"

Fundi rangi hapaki ukuta mzima kwa rangi asiyoijaribu. Kwa hiyo alipika kwanza kijisufuria, akakiacha kipoe, kwa maana rangi mbichi hudanganya na mchuzi wa moto hudanganya zaidi. Shemeji akaonja, akakunja uso. "Hii ni koti ya kwanza." Akapika tena: vitunguu akavikaanga mpaka vikawa rangi ya mlango wa mbao, nyanya zikaivia humo hadi zikasahau umbo lao, na maharage mengine akayaponda mchuzi upate uzito. Safari hii shemeji alipangusa sahani kwa kidole, akauliza kama kuna kopo la kubebea.

Jumapili alijaza sufuria ikabaki nafasi ya vidole vinne, akatandaza nailoni mdomoni, akashindilia kifuniko, akazungushia mpira wa tairi. Wenye pikipiki wakamwita. "Mzee, panda!"

"Leo nimebeba mgonjwa," alijibu, akapita, mkono umelegea begani ili mtikisiko uishie kwenye kiwiko.

Mlangoni mcheshi wa kwaya alimdaka. "Fundi, hiyo rangi ni ya ndani au ya nje?"

"Ya ndani. Na haifutiki."

Mwenyekiti aliiweka sufuria mwisho kabisa wa meza, baada ya chumvi, mahali pa vitu vya kusamehewa. Watu wakapakua kuku, wakapakua wali, wakaipita. Fundi alisimama nyuma ya sufuria yake na upawa mkononi.

Yule mzee wa sauti nene ndiye aliyesimama. "Nini hicho?"

"Mchuzi, mzee."

"MCHUZI?" Sauti ile haijawahi kuhitaji kipaza sauti.

Foleni iligeuka. Waliokwisha kuketi waliinuka na sahani zao. Waliokuwa mwanzo wa meza walijikuta wa mwisho, kama ilivyoandikwa. Upawa ukawa hauna muda wa kupumua. Mwisho akaja mwenyekiti, na sahani yenye kuku wake mwenyewe.

"Nitilie kidogo, baba. Huyu kuku ametulia mno."

Fundi alikwangua chini, akamtilia kilichopatikana. Mama akaonja akiwa amesimama, akaonja tena, kisha akainua ile sauti yake ya msiba: "Jamani! Mwakani mchuzi unatoka nyumba ya fundi! Na uwe sufuria kubwa, baba, usituonee!"

Nyumba ya fundi. Alisema hivyo mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka.

Kurudi, wenye pikipiki walimwita tena, akakataa tena. Alitembea kwa miguu, kwa njia ndefu inayopita sokoni na mbele ya nyumba za washirika wote, kifuniko kwapani, sufuria ameilaza begani na mdomo wake umewaelekea watu, ili asiwepo wa kusema kwamba hakuona kuwa imerudi tupu.