Siku Niliyosomwa Kanisani

Jumatatu wiki hii nilisimama mbele ya darasa langu la gredi ya sita hapa Masara, simu mkononi, nikisoma orodha ya watoto ambao vyeti vyao vya kuzaliwa havijafika ofisini. Jina lililobaki lilikuwa moja tu. Msichana akasimama, vidole vikichezea pindo la sweta, akasema, "Mwalimu, mama mdogo bado anakitafuta." Wenzake wakacheka kwa sababu hilo ndilo limekuwa jibu lake tangu muhula uanze. Mimi sikucheka. Nikamwambia aketi, kisha nikageukia ubao nikajifanya natafuta chaki.

Ngoja nikueleze, maana wewe umenijua nikiwa mwalimu mwenye sauti kubwa na viatu vya kisigino. Hukunijua nilipokuwa Sori, kule ufuoni mwa ziwa. Pale nilikuwa mtoto wa nyanya muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na kwa muda wa wiki tatu hivi, mwanzoni mwa darasa la nane, nilikuwa mtoto asiyekuwa na siku ya kuzaliwa.

Nyanya alinilea tangu mama yangu alipofariki, nikiwa na miaka mitatu. Baba sikumjua, na nyanya hakupenda aulizwe habari zake. Asubuhi, kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kumsaidia kutandaza omena juu ya nyavu kuukuu pale ufuoni, kisha kukaa na fimbo kufukuza yangeyange, ndege weupe wasio na haya hata kidogo. Jua likishapanda, omena huanza kunuka ile harufu kali inayoingia kwenye nywele na kwenye daftari. Mwalimu mkuu wetu alikuwa akisema kwamba hana haja ya kuita jina langu, pua yake inamwambia kama nimefika. Nilicheka na wenzangu, lakini nilioga mara mbili.

Mwalimu mkuu huyo huyo ndiye aliyeamua kwamba nitaendelea na masomo. Alikuwa amekwisha kunitafutia nafasi katika shule moja ya bweni huko Homa Bay, kwa watu wanaosomesha watoto wasio na wazazi. Walitaka kitu kimoja tu, kwamba nifanye mtihani wa darasa la nane na nipite vizuri. Kupita hakukunitia hofu. Kilichonitia hofu ni kuandikishwa, kwa sababu siku hizo kila mtahiniwa alitakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa, na asiyekileta jina lake haliendi. Mwaka uliotangulia, msichana wa jirani yetu alikosa kuandikishwa, akaambiwa angojee mwaka ujao. Mwaka ujao ulimkuta amebeba mtoto mgongoni, anakaanga samaki kando ya barabara. Nilikuwa nikipita hapo kila siku nikienda shule, naye alikuwa akinipungia mkono.

Nilipomwambia nyanya habari ya cheti, alisema bila kusita kwamba kadi yangu ya kliniki ipo, na mwenye kadi anapata cheti. Tukaanza kuitafuta. Tuliinua magodoro, tukamwaga gunia la mahindi, tukapekua ndani ya Biblia na chini ya sanduku la vyombo. Nyanya alitafuta kwa bidii kuliko mimi. Lakini nilianza kuona jambo. Alikuwa akirudi pale pale tulipokwisha kutafuta, na kila nilipomuuliza mara ya mwisho aliiona wapi, aligundua kwamba sufuria inaungua. Shuleni majina ya wasio na vyeti yalisomwa kila Ijumaa kwenye gwaride. Orodha ilizidi kuwa fupi, na mimi nilizidi kusimama nyuma ili nisionekane. Chakula kilinishinda. Niliota mara kwa mara kwamba nimeketi kwenye mtihani na msimamizi ananiuliza wewe ni nani.

Nyanya alikuja kusema siku moja alasiri, tukiwa ufuoni tunageuza omena. Hakuniangalia.

"Nyakwara," aliniita, yaani mjukuu wangu. "Hiyo kadi usitafute tena. Iko na mamako."

Nikamwambia mama amekufa.

"Ndiyo. Nilimwekea mkoba wake. Aliupenda sana, alikuwa anaenda nao soko. Nikasema mtoto wangu hawezi kwenda mikono mitupu. Sikufungua kuangalia ndani, yawa, jamani. Sikufungua."

Kadi yangu ilikuwa kaburini, hatua chache kutoka jikoni kwetu, chini ya kichwa cha mama yangu. Nyanya alikuwa amejua siku zote hizo tulizokuwa tukiinua magodoro. Nilimkasirikia, sitakudanganya. Nilitupa fimbo yangu mchangani nikaondoka, na yangeyange wakala omena watakavyo. Nilipogeuka nikamwona amesimama vile vile, mikono imejaa magamba, analia bila kujifuta. Nikarudi. Hadi leo sijui kama nilirudi kwa huruma au kwa woga, maana sikuwa na mtu mwingine.

Kesho yake nyanya alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu akakiri yote. Mwalimu mkuu hakumkemea. Alivua miwani, akamuuliza swali moja, nani alikuwepo mtoto huyu akizaliwa? Nyanya akasema hakuwepo. Mama yangu alikuwa akiuza omena Rodi Kopany, huko upande wa Homa Bay, na alijifungulia huko huko katika chumba cha kupanga. Alikuja kurudi Sori nikiwa tayari naweza kukaa bila kushikwa. Tarehe nyanya hakuijua, alijua tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu mkuu akasema basi nendeni Rodi mkamtafute aliyekuwepo, na mrudi kabla Jumatano haijaisha, kwa kuwa siku hiyo anafunga orodha.

Hapo ndipo nilipoona watu wa ufuo wetu walivyokuwa. Wanawake wawili wakachukua nyavu za nyanya wamwanikie hadi arudi. Jirani akaleta viatu vya bintiye, vikanibana lakini nikavaa. Mwenye boti akatutafutia nafasi kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka omena Rodi, tukaketi juu ya magunia, nyanya akishikilia barua ya mwalimu mkuu kwa mikono miwili njia nzima.

Tulifika Ijumaa saa tisa. Chumba alichopanga mama kilikuwa sasa cha kinyozi, lakini mama wa chumba cha jirani alikuwa bado yupo, anauza mitumba. Nyanya alipotaja jina la mama yangu, yule mama akaacha nguo aliyokuwa akikunja, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye vile viatu.

"Yawa! Ni hii mtoto?" akasema. "Hii mtoto mimi ndio niliipokea na hii mikono. Ilikuwa siku ya Sabato, nafundisha watoto kanisani, wakakuja kuniita. Mvua nayo ilikuwa inanyesha, sijawahi ona!"

"Sabato gani, mama?" nyanya akauliza.

Yule mama akahesabu kwa vidole, akaacha. Hakukumbuka mwaka, wala mwezi. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye vidole vilivyobanwa. Kisha akapiga makofi mara moja, akasema twende kwa karani wa Shule ya Sabato, kwa sababu mzee huyo huandika kila kitu, hata mbuzi akiingia kanisani anaandika.

Karani alikuwa fundi cherehani. Tulimkuta akifunika mashine yake, kwa kuwa jua lilikuwa linaelekea kuzama, na kwa Wasabato siku yao takatifu huanza Ijumaa jua likizama. Alisikiliza mambo yetu yote akiwa amesimama. Madaftari yapo, akasema, ya miaka yote, ndani ya sanduku la bati. Lakini shughuli za serikali hawezi kuzigusa hadi kesho jioni.

Nyanya alikuwa Mkatoliki na hakuwa na subira na kalenda ya watu wengine. "Baba, huyu mtoto atakosa mtihani juu ya jua kuzama?" akamuuliza.

Karani akamtazama kwa upole. "Mama, mje kesho kanisani saa tatu," akasema. Hakuahidi kitu kingine, akaingia ndani.

Tulilala kwa yule mama wa mitumba. Alitupa ugali na mboga za osuga zilizopikwa kwa maziwa, chakula ninachokipenda kuliko vyote, na sikuweza kumaliza hata tonge la tatu. Niliwaza kama madaftari yameliwa na mchwa. Niliwaza kama siku hiyo karani alikuwa mgonjwa, hakuandika. Niliwaza kuhusu yule msichana wa samaki na mkono wake.

Labda hujui desturi hii. Katika Shule ya Sabato, kabla ya masomo, karani husimama akasoma taarifa ya Sabato iliyopita, nani aliomba, wimbo upi uliimbwa, wageni walitoka wapi. Pale Rodi ilisomwa kwa Kiswahili, kwa sababu ya wafanyabiashara wa Kikisii waliosali pamoja na Wajaluo. Jumamosi hiyo karani alisimama na daftari lenye jalada lililokunjamana, macho yake mekundu kama ya mtu aliyekesha akisoma. Akasema kwamba kazi ya ofisi haiwezi, lakini kusoma taarifa ni ibada, na leo kanisa likubali asome taarifa ya zamani. Akavaa miwani, akasoma tarehe, siku, mwezi na mwaka. Akaendelea kwa ile sauti yake ya kukokota: "Mvua ilinyesha sana na watu walikuwa wachache. Wimbo haukuisha vizuri. Mwalimu wa watoto aliitwa nje ili kumsaidia mama muuza omena, mgeni kutoka Sori, aliyeshikwa na uchungu. Alirudi wakati wa mahubiri akatuambia ni msichana. Kanisa likasema amina."

Na kanisa, lile lililokuwa limeketi mbele yangu, likasema amina.

Tarehe sitakutajia, usije ukaanza kuhesabu umri wangu. Lakini nilikaa kwenye lile benchi nikiirudia kimoyomoyo nisije nikaisahau. Nilifurahi sana, kisha nikalia sana, na mama mmoja Mkisii nisiyemjua akanipa leso yake. Kulikuwa na watu mle waliosema amina mara zote mbili.

Jumapili tukaenda kwa naibu wa chifu, karani na mama wa mitumba wakaweka sahihi. Jumatatu wote wawili walifunga kazi zao wakatusindikiza hadi ofisi ya usajili Homa Bay. Tuliketi kwenye benchi siku mbili, nyanya akiinuka kila mlango ulipofunguka. Jumanne alasiri nikaitwa, nikapewa cheti. Jumatano asubuhi nilimkuta mwalimu mkuu akiwa na kalamu juu ya orodha. Akaliandika jina langu, likawa la mwisho kabisa kwenye orodha, akavuta pumzi pua ikiwa wazi, akasema, "Kweli umefika."

Nyanya alikishika cheti kile jioni hiyo, akakigeuzageuza ingawa hakujua kusoma. "Hiki hatukiziki," akasema.

Nilifanya mtihani, nikaenda bweni, nikawa mwalimu. Nyanya alifariki miaka michache iliyopita. Nilipokuwa nikimwandaa kwa maziko niliufungua mkoba wake, nikatoa kila karatasi nikasoma. Kati ya risiti za kanisa na dawa za presha nilikuta nakala ya cheti changu, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Nikairudisha mle mle, nikamwekea mkoba wake. Cheti chenyewe ninacho mimi.

Mama wa mitumba hayupo tena. Karani naye hayupo, na nilipopita Rodi kumuulizia niliambiwa sanduku la bati limechukuliwa na fundi mwingine anawekea nyuzi. Madaftari alipewa mwanamke anayeuza njugu, anafungia njugu. Siku hizi taarifa inatumwa kwa simu na kufutwa ikijaa. Nikinunua njugu Rodi bado nafungua karatasi na kuisoma kwanza, halafu ndiyo nakula.

Leo mama mdogo wa yule msichana alikuja shuleni. Huosha udongo wa dhahabu hapa machimboni, na kucha zake zilikuwa bado zina tope jekundu. Akaniambia ametafuta kila mahali, ameshusha hata vitu vya darini. Alikuwa akiongea na sakafu. Nikayajua macho yale.

"Mama," nikamuuliza, "mamake huyu mtoto mlimzika na nini?"

Akakwangua tope la ukucha kwa kidole gumba, watoto wakipiga kelele nje.

"Nilimwekea mkoba wake," akasema.

Nikamvutia kiti, nikachukua kalamu. Nikamwomba aniambie ni nani alikuwepo siku ile. Alifikiri, akataja jina la mwanamke mmoja, akasema alihama, labda yuko Sori, labda hayuko. Nimeliandika. Leo ni Jumatano, na orodha inafungwa Ijumaa.