Siku Niliyopigiwa Saluti Shuleni kwa Kabula

Jamani, hili nilitaka nife nalo, maana nyie wachimbaji wenzangu wa duarani mkilisikia mtanicheka mpaka mvua zikatike, lakini Kabula ameshaanza kulisimulia, tena anaongeza chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Kabula ni binti yangu, yuko kidato cha tatu kwenye shule ya serikali huko porini, mbele ya Nyarugusu ninakochimba dhahabu. Siku ya wazazi ilipofika nikasema safari hii siendi na viatu vya matope, nikaazima suti kwa bosi wetu mwenye karasha la kusagia mawe, naye kwa wema wake akanipa na lifti kwenye gari lake kubwa jeusi, dereva wake akiniendesha, na balaa likaanzia hapo. Kumbe shule ilikuwa inamsubiri afisa mpya wa wilaya ambaye hakuna aliyewahi kumwona! Gari lilipoingia getini tu, skauti wakapiga saluti, binti mmoja akanivika shada la maua, na mkuu wa shule (mama mrefu, sauti kama kengele) akanishika kwa mikono yote miwili.

"Karibu sana, mgeni rasmi, na ahsante kwa kuwahi! Hapa kwetu kuwahi ndiyo nidhamu ya kwanza. Aliyechelewa hapiti getini."

Ningesema palepale kwamba mimi ni mzazi tu, yangeisha. Lakini (Mungu anisamehe) maua yalikuwa yananukia, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunipigia saluti, basi nikasema "ahsante" na kujiambia nitasahihisha mbele kidogo.

Hiyo mbele kidogo haikufika. Nikaoneshwa bustani wanayolima wenyewe kwa chakula chao cha mchana, nikatikisa kichwa. Nikaoneshwa mizinga ya nyuki, nikatikisa kichwa kwa mbali. Nikaingizwa maabara, na aliyesimama kueleza kazi za klabu ya mazingira ni nani? Kabula! Akanitazama kuanzia maua mpaka viatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikajibu.

"Unaona malezi yetu?" mkuu akaninong'oneza. "Kila mtu mzima kwao ni baba."

Kabula akaanza kueleza habari za zebaki tunayokamatia dhahabu, jinsi moshi wake unavyoingia mapafuni na kuharibu ubongo, watoto ndio wanaoumia zaidi, kisha akanikazia macho. "Wapo wanaoichomea jikoni, pembeni ya sufuria ya ugali. Baba yangu mzazi ni mmojawapo. Nimemwambia mpaka nimechoka. Mgeni rasmi, utatusaidiaje?"

Maabara nzima ikanigeukia. Jasho likanitoka, suti ya watu ikaniganda mgongoni.

"Huyo baba," nikasema, "nitamshughulikia mimi mwenyewe."

Makofi! Kabla hayajaisha, mlinzi akaingia mbio. "Mwalimu, kuna bwana kaja na bodaboda, anasema gari lake limenasa njiani. Nimemzuia getini kwa kuchelewa kama ulivyoagiza, lakini anasema yeye ndiye mgeni rasmi."

Mkuu akanigeukia taratibu. "Samahani, wewe ni nani?"

"Mimi ni Baba Kabula, mwalimu. Yule wa zebaki."

Mwanafunzi mmoja akapasuka, halafu wote, hata mkuu akashika meza kwa kicheko, na Kabula akajifunika uso kwa daftari. Nikavua maua, nikaenda getini mwenyewe kumvika yule bwana, suruali yake matope mpaka magotini, na aliposikia kisa akacheka kuliko wote.

Mkutanoni akaniita mbele ya wazazi. "Mwenzangu huyu ametoa ahadi kwa niaba yangu. Nataka airudie, binti yake asikie."

Nikairudia. Kabula akaja akasimama karibu yangu, akanishika mkono wa koti, akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani utanikana."

Hapo ndipo machozi yaliponitoka, msidanganywe na mtu kwamba ni jasho.

Zebaki sasa naichomea mbali na nyumba, kwenye chombo kilichofunikwa alichonielekeza Kabula. Na nimeapa: popote nitakapokaribishwa kiti, kabla sijakaa natangaza kwamba mimi ni Baba Kabula na sina cheo chochote. Juzi nimetangaza hivyo msibani, wafiwa wakaangua kicheko.