Shemeji na Mwanya wa Hospitali

Shemeji yangu alikuwa fundi wa matengenezo hospitalini, na watu walimwita Mpira. Maskini, hakuwahi kupiga hata chenga moja! Ni kwamba hospitali ile ilikalishwa juu ya vipande vinene vya mpira na chuma, ili ardhi ikitetemeka, jengo liyumbe taratibu lisivunjike. Kwa hiyo liliachiwa mwanya pande zote, kati yake na ardhi ya nje, na kazi ya shemeji ilikuwa kuulinda. Ukiangusha humo hata gunia la saruji, alikujia juu kama moto wa kifuu.

"Jengo likikosa pa kuyumbia litajigonga," alisema, "na wagonjwa wataangukiwa."

Mlangoni mwanya ulifunikwa kwa bamba la chuma lenye kingo zilizoinuka. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Dada yangu, mkewe, saratani ilikuwa imemwingia mifupani. Kila wiki tulimleta kwa kiti cha magurudumu, na kila wiki magurudumu yakigonga zile kingo, alipiga yowe. Kukiinua kiti ndiyo ilikuwa balaa zaidi.

"Baba watoto, piga saruji hapo," alimsihi. "Wewe si fundi?"

"Mama watoto, nikiziba hapa nimelifunga jengo zima."

Alishaomba ofisini bamba lisilo na kingo. Jibu lao: tunashughulikia, tunashughulikia. Wangeshughulikia mpaka kiama!

Mimi nilimpasulia. "Shemeji, una roho ya jiwe! Hilo tetemeko lenyewe liko wapi?"

Alikivusha kiti polepole huku machozi yakimtoka, na dada akimlaani na kumng'ang'ania mkono papo hapo.

Dada akafariki. Tulipomzika, sikumpa shemeji hata pole.

Wiki chache baadaye tetemeko likaja, mchana kweupe. Maduka ya jirani yaliporomoka. Hospitali iliyumba, ikatulia, na hakuna mgonjwa aliyeumia. Jioni mkurugenzi akaenda kumpongeza shemeji nyumbani. Nami nikafuata nyuma, aibu imenijaa. Tulimkuta sebuleni akikunja nguo za dada.

"Umeokoa watu, Mpira," mkurugenzi akasema.

"Nashukuru." Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, ningejua tetemeko litasubiri afe kwanza, ningemzibia. Zile wiki zake tu. Halafu ningebomoa."

Nikakaa kando yake, tukalia.