Dole Gumba la Jirani wa Chini

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hulowesha dole gumba kwa mate kabla ya kugusa simu, utadhani anafunua gazeti. Miwani huikalisha kichwani. Machoni haijawahi kushuka. Uongo huunong'ona, watu wadhani ni siri. Juzi aliona nguzoni tangazo la msiba ambalo Zdravko, fundi viatu, hulibandika kila mwaka kumkumbuka marehemu baba yake. Yeye akasoma jina la chini, la mfiwa, akalifanya la maiti, akalituma mji mzima. Mchana dada yake Zdravko akashuka kwenye basi kavaa nyeusi, macho yamemvimba kwa kulia. Zdravko akaenda kumgongea jirani mlango.

"Mama, mimi huyu hapa! Nani kakwambia nimekufa?"

Akalowesha dole, akatazama simu, kisha akamtazama Zdravko kwa mashaka.

"Watu watatu wameniletea habari hiyo, mwanangu. Watatu!"

Na wote watatu waliipata kwake. Kisha akamkabidhi maua aliyokwisha kununua, manne, idadi tunayowapelekea wafu.

"Yaweke tu. Mimi huwa sikosei, huwa nawahi."