Jiwe Mbele ya Tairi

Juzi asubuhi, pale Mkuyuni, pikapu ya mizigo iliegeshwa kwenye mteremko, juu kidogo ya meza ya mama muuza nyanya. Siku zote dereva wake huteremka na jiwe, akalitega mbele ya tairi. Juzi aliteremka mikono mitupu.

"Kaka, jiwe liko wapi?" mama akauliza, bado anapanga nyanya.

"Nimelitupa, mama. Jana fundi alinikazia hendibreki, sasa inashika vizuri kabisa."

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akavuka mtaro, akarudi na jiwe amelikumbatia. Akalisukuma kwa mguu mpaka likagusa tairi.

"Fundi wako simjui," akasema. "Hili nimeliweka mwenyewe."

Dereva akacheka. Nami, niliyekuwa nachagua nyanya, nikacheka, tena kwa sauti. Kweli, breki ikitengenezwa anayepata usingizi ni mwenye gari. Anayekaa chini ya mteremko hakuwepo gereji.

Mama akanigeukia, kisha akatazama juu zaidi.

"Na lile gari jeupe kule ni la nani?"

Lilikuwa langu. Nikavuka mtaro kutafuta jiwe.